Anauliza Lini

Hotuba ya afisa maendeleo ya jamii mstaafu kwa wahitimu, siku ya mahafali

Mkuu wa chuo, walimu, wazazi na walezi, na ninyi wanangu mliokaa ndani ya majoho kwenye jua hili tangu saa tatu asubuhi: itifaki imezingatiwa. Kwa wenyeji wa Ugogo, mbukwenyi!

Barua ya mwaliko iliniomba nizungumzie "Mchango wa hifadhi ya jamii na ajira za muda katika kupunguza umaskini wa kipato ngazi ya kaya". Niliisoma, nikavua miwani, nikaifuta, nikaisoma tena. Ni mada nzuri kwa semina yenye posho. Lakini ninyi mnakwenda kwenye kata ambazo ofisi zake ni meza na benchi, na huko hakuna atakayewauliza habari ya umaskini wa kipato. Mimi nimeulizwa swali moja kwa miaka 27: njiani, kisimani, msibani, na siku moja nikiwa kwenye foleni ya komunyo. Swali lenyewe ni hili: "Bibi Maendeleo, lini?"

Pesa ya Tasafu, ile ruzuku ya kaya maskini, lini. Kazi ya lambo inaanza lini. Mkopo wa kikundi unatoka lini. Sikumbuki mlengwa aliyenisimamisha kuniuliza ni shilingi ngapi. Shilingi ngapi walikuwa wanazijua, tena kuliko mimi.

Kijiji kimoja nilichokitumikia kilikuwa na duka moja la maana, lile lenye mzani na friji ya soda isiyopoza. Mwenye duka alikuwa na daftari kubwa la madeni. Siku moja ya mvua nilikwama pale, nikalipekua huku tukipiga soga. Mwalimu mkuu alikuwamo, muuguzi wa zahanati alikuwamo, fundi bomba alikuwamo. Walengwa wa mpango wa kunusuru kaya maskini, ambao kijijini walikuwa zaidi ya mia, hakuwamo hata mmoja. Nikamwambia, mbona unawabagua, nao wanapokea pesa ya Serikali kama mwalimu? Akacheka. "Dada, mwalimu mshahara wake najua unaingia lini. Huyu mama wa Tasafu, wewe mwenyewe unayemlipa hujui anapata lini. Nimkopeshe kwa kalenda ya nani?"

Nilikasirika mpaka nyumbani. Usiku nikakubali kwamba alikuwa ananieleza kazi yangu.

Baadaye ikatokea kipindi cha mwaka mmoja na ushee ambapo malipo yalikuja kila baada ya miezi miwili bila kuruka. Nilirudi pale dukani kununua vocha, nikalifungua tena lile daftari. Majina yao yalikuwapo. Kilo mbili za unga, chumvi, robo ya sukari, daftari la mtoto, na pembeni kwa kalamu nyekundu: "dirisha". Maana yake atalipa dirisha la malipo likifunguliwa. Kiasi cha ruzuku kilikuwa kilekile. Hakuna aliyeongezewa hata shilingi. Kilichoongezeka ni tarehe, na tarehe ile ilimpa mama yule mkopo usio na riba, katika kijiji ambacho kabla ya hapo angekopa gunia moja la mahindi mwezi wa pili na kurudisha mawili wakati wa mavuno.

Hilo ndilo nililoitiwa hapa kusema, kama mtaniruhusu niliseme kwa urefu.

Turudi nyuma kidogo. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ndio hiyo Tasafu, ulianza mwaka 2000, wengi wenu mkiwa hamjazaliwa. Katika awamu zake mbili za mwanzo kazi kubwa ilikuwa kujenga: madarasa, zahanati, visima, barabara za vijiji, na wananchi wakichangia mawe, mchanga na nguvu zao. Nami nilisimamia. Nina picha nimeshika koleo mbele ya msingi wa zahanati, nimevaa viatu visivyofaa kabisa kwa kazi ile. Tulijivunia, na tulikuwa na haki ya kujivunia. Ila mama aliyekuwa maskini kuliko wote pale kijijini alibeba mawe ya darasa, darasa likaezekwa, na mtoto wake akabaki nje kwa kukosa sare. Jengo lilimfikia kila mtu isipokuwa yeye.

Ndipo likaja wazo la kumpa mama huyo pesa mkononi. Jaribio lilifanyika kwenye wilaya tatu, Bagamoyo, Kibaha na hapa kwetu Chamwino, na malipo yakaanza mwaka 2010. Vijiji vilikuwa 80. Kwa bahati nasibu, 40 vilianza kulipwa na 40 vikasubiri, ili baadaye tofauti ionekane bila ubishi. Nchi nyingine zilikuwa zimetangulia: Mexico tangu mwaka 1997, Brazil tangu mwaka 2003. Upya wa kwetu ulikuwa kwamba kamati ya kijiji yenyewe ndiyo iliyoshika zoezi, kuanzia kupendekeza majina hadi kusimamia malipo.

Watafiti waliporudi kupima walikuta mambo yaliyotarajiwa, watoto wanakwenda shule zaidi, kaya nyingi zimejiunga na mfuko wa afya ya jamii. Lakini kuna jambo moja kwenye matokeo yale ninalolipenda kuliko yote, na walimu wenu wakiwaletea majedwali litafuteni: viatu. Kaya zilizolipwa ziliwanunulia watoto viatu kuliko zile zilizosubiri. Hakuna sharti la mpango lililosema nunua viatu. Masharti yalihusu shule na kliniki. Mama alipopata nafasi ya kuamua, aliitazama miguu ya mtoto wake, akakumbuka minyoo na miiba ya mgunga, akaamua. Nyingine zilinunua kuku. Wanawake walikuwa wananiambia kuku ni benki yenye miguu.

Agosti 2012, Rais Kikwete alizindua mpango wenyewe hapa Dodoma, na ndani ya miaka michache kaya zaidi ya milioni moja zilikuwa zinalipwa, katika vijiji, mitaa na shehia kama asilimia 70 ya vyote nchini. Februari 2020 Rais Magufuli alizindua kipindi cha pili kilicholenga maeneo yote. Siku ile hakumumunya maneno kuhusu kaya hewa: makumi ya maelfu ya majina yasiyostahili yalikuwa yameshaondolewa kwenye orodha, wakiwamo waliokufa, waliohama na ndugu wa viongozi.

Habari ya orodha nitaipita haraka, maana mmeisoma darasani na mtaikuta mezani. Niseme tu kwamba mkutano wa kijiji wa kutaja maskini ni mkutano mgumu kuliko wote mtakaoongoza. Kuna baba atakayekaa nyuma kabisa na kunyamaza, ingawa wanawe wanalala njaa, kwa sababu hataki jina lake lisomwe mbele ya wakwe. Kuna mwenyekiti wa kitongoji atakayemtaja shemeji yake bila kupepesa macho. Kisha linakuja dodoso, siku hizi kwenye kishikwambi, linahesabu bati, redio, mbuzi na vyumba. Niliwahi kuona bibi akipoteza nafasi kwa ajili ya bati alilopewa na kanisa. Hilo mtalikatia rufaa. Mtashindwa mara nyingine.

Na maneno ya "watakunywa pombe" nayo tuyamalize hapa hapa. Mwaka 2014 watafiti wa Benki ya Dunia walipitia tafiti 19 za nchi mbalimbali zilizochunguza swali hilo hilo, na hawakukuta kwamba kuwapa maskini pesa kunaongeza matumizi ya pombe na tumbaku. Kwenye kata yangu nilimwona mmoja aliyekunywa ruzuku yote siku ya malipo. Mmoja. Alitajwa kwenye vikao vya wilaya kwa miaka kumi, marehemu yule, utadhani alikuwa mradi.

Sasa hesabu, maana mtu akisema "pesa kidogo" ni vizuri ajue kidogo ni kiasi gani. Katika kipindi cha kwanza cha mpango, kaya ilipata shilingi 10,000 za msingi kwa mwezi, na 4,000 kama ina mtoto. Kisha kulikuwa na nyongeza zenye masharti: 4,000 kwa watoto wa chini ya miaka mitano wakihudhuria kliniki, 2,000 kwa kila mtoto wa shule ya msingi hadi watoto wanne, na zaidi kidogo kwa wa sekondari. Kaya iliyopata kila kitu haikuvuka 38,000. Chukueni mama mwenye mtoto mchanga na wawili wa shule ya msingi: ni 22,000 kwa mwezi, 44,000 kwa dirisha la miezi miwili.

Pesa hiyo haimtajirishi mtu. Ila tazameni inavyofanya kazi ikija Januari. Kwetu huku Januari ghala limekwisha, mtama na uwele viko shambani vinataka palizi, na mama mwenye njaa anakwenda kupalilia shamba la mwenzake kwa kibarua cha kopo la unga, huku lake linameza majani. Mwezi wa sita anavuna kidogo kwa sababu mwezi wa kwanza alipalilia kwa mwingine. Arobaini na nne elfu zikifika wiki ya kwanza ya Januari, anabaki shambani kwake. Zikifika mwishoni mwa Machi ni zilezile kwenye taarifa ya halmashauri, safu ileile, jumla ileile, na mkaguzi atapiga tiki. Lakini shamba limeshakwenda.

Taarifa zenu zote zitauliza ni kiasi gani na ni kaya ngapi. Sijawahi kujaza fomu iliyouliza ni tarehe ngapi walitarajia na ni tarehe ngapi walipata. Niliwahi kuongeza safu hiyo kwa kalamu. Fomu ilirudishwa nijaze upya.

Barua ilitaka niguse pia ajira za muda, na hapa nina jambo la kuungama.

Mpango uliwapa watu wenye nguvu katika kaya nafasi ya kufanya kazi za jamii kwa ujira: siku 60 kwa mwaka, siku 15 kwa mwezi kwa miezi minne, na ujira wa kwanza ulikuwa shilingi 2,300 kwa siku. Jumla 138,000. Kazi zilikuwa malambo, makinga maji, vitalu vya miche, barabara za kuunganisha vitongoji. Kwenye karatasi miezi ile minne ni ya kiangazi, wakati shamba halimtaki mtu. Hiyo ndiyo akili yote ya mpango: unampa kazi wakati hana kazi, na anaingia kwenye msimu wa mvua akiwa na chochote mfukoni.

Mwaka mmoja, katika wilaya ambayo sitaitaja, tulitangaza kazi ya lambo ingeanza mwezi wa nane. Nilitangaza mimi, kwa spika ya msikiti na ya kanisa, ili asije mtu akasema hakusikia. Mwezi wa nane majembe, machepe na matoroli hayakuja. Mwezi wa tisa, bado. Kulikuwa na barua iliyokuwa inasubiri sahihi, na mwenye sahihi alikuwa safarini. Mimi ningeweza kwenda kijijini na kusema, jamani, imeshindikana hadi mwezi fulani, tafuteni kazi nyingine. Sikwenda. Niliona haya. Nilijifungia ofisini na kupita njia ya nyuma jioni, mtu mzima na cheo changu.

Vifaa vilifika wiki ya pili ya Desemba, pamoja na mvua. Tukachimba lambo wakati watu wanapanda. Kila asubuhi mtu alichagua kati ya 2,300 za leo na mtama wa mwezi wa sita, na kwa mtu ambaye jana hakula, huo si uchaguzi. Walikuja. Walikuja wote, na wasimamizi wa wilaya walifurahi kuona mahudhurio. Bibi mmoja asiyeweza kubeba udongo tulimpa kazi ya kulea watoto chini ya mkungugu, naye akahesabiwa siku zake, na hilo ni jambo zuri ninalolikumbuka katika msimu ule. Lambo lilikamilika. Lina maji hadi leo, ng'ombe wanakunywa. Mavuno ya mwaka ule kwa kaya zile yalikuwa mabaya kuliko ya majirani zao wasio walengwa, na hakuna taarifa iliyowahi kulitaja jambo hilo, hata niliyoiandika mimi.

Kwa hiyo mkisikia watu wanabishana kama ni bora kumpa maskini pesa au kumpa kazi, sikilizeni kwa adabu, kisha ulizeni kazi hiyo inaanza mwezi gani.

India waliliweka jambo hili kwenye sheria. Mwaka 2005 walipitisha sheria ya kuihakikishia kila kaya ya kijijini kazi, siku 100 kwa mwaka. Siku 100 ndizo watu wanazozikumbuka. Mimi nazipenda zile 15: sheria ile ilisema ukiomba kazi na siku 15 zikapita hujapewa, unastahili posho ya kukosa kazi, ukifanya kazi na siku 15 zikapita hujalipwa, unastahili fidia ya kucheleweshwa. Huko nako malipo yamechelewa sana, wala siwaambii kwamba sheria ilileta pepo. Ila mtu wa kule aliyecheleweshwa alikuwa na tarehe ya kuonyesha. Wa kwangu alikuwa na mimi, na mimi nilikuwa nimepita njia ya nyuma.

Majirani zetu wa Kenya wakati wa korona, mwaka 2020, waliwapa vijana wa mitaa ya mabanda kazi ya kufagia na kuzibua mitaro katika mpango wa Kazi Mtaani. Awamu ya pili ujira ulikuwa shilingi 455 za kwao kwa siku, kwa simu. Mtu wa Kibera analipa kodi ya chumba tarehe za mwanzo wa mwezi, na mwenye nyumba hasubiri mtandao. Vilio vilivyosikika huko vilikuwa vya kuchelewa.

Mfano ninaoupenda uko karibu zaidi. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza pensheni jamii: kila mzee aliyefikisha miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi. Hawakuhesabu bati lake wala mbuzi wake, na mkutano wa kumtaja nani fukara kuliko nani haukuitishwa. Una miaka 70, una makazi Zanzibar, njoo. Mwaka 2023 ikapandishwa hadi 50,000. Pesa yenyewe inatoka kwenye bajeti ya Serikali, na hapo ndipo kiini kilipo. Mpango wetu wa Tasafu umebebwa kwa sehemu kubwa na mikopo ya Benki ya Dunia na michango ya wafadhili, na pesa ya namna hiyo ina wenyewe, ina ukaguzi wake, ina awamu zake za kufunga na kufungua. Siwalaumu, bila wao daftari la duka lisingekuwa na yale majina. Nasema tu kwamba ukiwa kwenye kata, kuchelewa kwa dirisha kunaweza kuwa kumeanzia mbali sana na halmashauri yako, na bado anayeulizwa "lini" ni wewe.

Mikopo ya halmashauri mtaikuta nayo. Asilimia 10 ya mapato ya ndani, bila riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 ilisimamishwa baada ya ukaguzi kuonyesha madudu, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Sipingi kusimamishwa, kulikuwa na vikundi hewa vilivyojaa. Lakini kikundi cha kina mama kilichokuwa kimeshalipia kodi ya fremu kwa ajili ya cherehani zinazokuja, nani alikiambia lini? Wengine walikwenda kwa wale wakopeshaji wa riba kubwa, wa kausha damu, na mnajua jina hilo halikutungwa kwa utani.

Sasa simu. Wengi wenu mtalipa walengwa kwa simu au benki, na mtaambiwa kwamba mambo yamekwisha. Ni kweli kwamba mambo mengi yamekwisha: wizi wa mezani, kamati kukata "ya maji", mwanamume kusimama nyuma ya mkewe akihesabu noti zake. Lakini laini inasajiliwa kwa alama za vidole, na bibi aliyeshika jembe miaka 50 vidole vyake havina alama. Mashine inamkataa mara tatu, nne, kisha kijana wa wakala anamwambia asajili kwa jina la mjukuu. Mjukuu yuko Dar es Salaam.

Kuna kitu kingine tulichopoteza, na sikukitarajia. Malipo yalipokuwa ya mezani, chini ya mbuyu, kijiji kizima kilijua siku. Ng'ombe wangechinjwa, mama ntilie wangekuja, kliniki inayotembea ingekuja kupima watoto hapo hapo, na usipomwona jirani yako unamtuma mtoto akamwite. Siku hizi ujumbe unaingia usiku, kimya, kwenye simu isiyo na chaji. Mwingine anapata Jumanne na mwingine wiki mbili baadaye, na hakuna anayejua kama amechelewa au amekatwa. Maana kukatwa nako kupo: mtoto asipofikisha asilimia 80 ya mahudhurio shuleni, nyongeza yake inapunguzwa. Zamani mama angeuliza mezani nikamwonyesha karatasi. Simu haimwonyeshi karatasi.

Nimebakiza kuhitimu, na samahani kwa neno hilo siku kama ya leo. Ninyi mmehitimu kwa shangwe. Kaya ikihitimu kwenye mpango, maana yake imepimwa tena, imeonekana imeimarika, inatolewa. Kuna wanaoimarika kwelikweli; nina mama mmoja ambaye sasa ananiuzia mimi mayai, na ananipunja. Lakini nimeona pia mama aliyetolewa kwa sababu ya kuku 30 na mbuzi wawili, na kabla masika hayajaisha mdondo ukapita bandani, wakabaki kuku watatu. Orodha ilikuwa imeshafungwa. Kama angeambiwa mwaka mzima mapema kwamba dirisha lake la mwisho ni lile, angeuza kumi wakati bado wana bei. Mtoe mtu ukitaka, ila mwambie lini.

Mwalimu pale ananionyesha saa. Namalizia.

Kuna mambo mengi hamtayaweza. Hamtaongeza ruzuku, haipangwi kwenye kata. Hamtaharakisha sahihi ya mtu aliye safarini. Lakini kila ofisi ya kijiji ina ubao, au mlango mweusi unaofaa kuwa ubao. Mkifika, andikeni pale juu: dirisha lijalo, tarehe. Kazi ya muda inaanza, tarehe. Kikao cha mikopo, tarehe. Kama hamna tarehe, andikeni "bado haijajulikana, nitaandika Ijumaa", na Ijumaa muwepo, hata kama mtaandika hivyo hivyo tena. Tarehe ikibadilika, futeni mbele ya watu na mseme kwa nini. Mtatukanwa kidogo. Mimi baada ya lile lambo nilifanya hivyo kwa miaka tisa iliyobaki, nilitukanwa kidogo, na mwenye duka alikuwa anamtuma kijana wake kila Ijumaa kuja kunakili.

Chaki haimo kwenye bajeti ya kata. Nilinunua kwa pesa yangu, na ninyi mtanunua kwa yenu, isipokuwa ya kuanzia. Nimekuja na katoni mbili, ziko pale mlangoni kwa mlinzi. Boksi moja moja, tafadhali, na wazazi msichukue.